Siku kumi kwenye hoteli za "Kihindi" Uingereza

Mwezi umepita tangu nirudi, na daftari langu la safari limeshaingia doa la samli kwenye kurasa za Birmingham. Kabla doa halijafika Leicester, nakaa niandike. Mimi ni mpishi wa shughuli hapa Mombasa: ukiwa na harusi au hitima, naletwa na masufuria yangu. Binamu yangu ni muuguzi London, na kila akipiga simu hunichokoza: "Njoo uone biriani yako inavyofanywa huku." Mwaka jana nikadunduliza, mwaka huu nikaenda.

Ijumaa, 4 Oktoba 2024: Mombasa hadi Nairobi

Treni ya asubuhi kutoka Miritini, daraja la kawaida, shilingi 1,500. Njia ya Tsavo mnaijua, siielezi.

Ndege ilikuwa iondoke usiku. Ikachelewa saa nne, na maelezo yote tuliyopata ni samahani moja kwenye kipaza sauti. Mama mmoja aliyekuwa akienda Leeds kumwona mjukuu alifungua mfuko, akatoa mahamri na mbaazi kwenye kopo, akatugawia safu nzima ya viti. Kumbe ni wa Kisauni, na asubuhi tulipanda treni moja bila kujuana.

Kwa atakayefuata: viza ya matembezi ya miezi sita nililipia pauni 115, na ukinyimwa hazirudi. Taarifa za benki za miezi sita ndizo zilizonichosha kuliko yote, maana sisi wapishi wa shughuli tunalipwa mkononi. Anza mapema kupitisha hela benki, hata kama unazitoa kesho yake.

Jumamosi, 5 Oktoba: East Ham

Kutoka uwanja wa Heathrow kuna treni ya Elizabeth, wakati huo karibu pauni 13, na ile ya Piccadilly, ilikuwa chini ya pauni 6. Mimi nilikuwa na begi kubwa na usingizi, nikapanda ya ghali hadi Whitechapel, nikabadilisha hapo. Pauni ilikuwa karibu shilingi 170. Nakushauri uache kuzidisha kichwani, la sivyo hutakula.

Jioni binamu akanitoa barabara kuu ya East Ham. Nilisikia chakula kabla sijakiona: vyuma viwili vikigonga bati la moto, tak-tak-tak, mtu anakatakata mkate wa kusukuma pamoja na yai na kuku. Wanaita kothu. Bango la hoteli lilisema ni chakula cha India Kusini na Sri Lanka. Mwenyewe ni Mtamil wa Jaffna, Sri Lanka, hajawahi kukanyaga India. Nikamuuliza mbona India imetangulia. Alinijibu huku mikono ikiendelea kugonga: alipofungua aliandika Sri Lanka peke yake, na watu walikuwa wakisimama mlangoni, wanasoma, wanakwenda jirani.

Njiani tukaingia duka la nafaka. Sikuweza kujizuia, nikachomeka mkono kwenye mchele. Magunia mawili ya basmati yamekaa bega kwa bega, moja limechapwa India, jingine Pakistan. Nikanusa, nikatafuna punje mbilimbili. Mombasa mchele wa biriani wengi wetu tunauita "Pakistan" na mambo yanaisha, lakini serikali za nchi hizo mbili haziyamalizi hivyo: mwaka 2018 India iliomba Umoja wa Ulaya uliandikishe jina la basmati kuwa lake, na Pakistan ikapinga. Mashamba yenyewe yako pande zote mbili za mpaka uliochorwa 1947. Mwenye duka aliniona natafuna. Nilidhani atanikemea, naye akaniongezea punje za gunia la tatu.

Jumapili, 6 Oktoba: Brick Lane

Mtu wa Mombasa hapotei Brick Lane, kwa sababu wapiga debe wapo. Kila mlango una kijana wake: asilimia ishirini nakupunguzia, kinywaji bure, kaka ingia. Nilikuwa nikingoja mmoja aseme "wawili waondoke." Mabango karibu yote yanasema Indian, na majina yana Bengal, Taj na Raj ndani yake. Vibao vya majina ya mitaa navyo vimeandikwa Kibengali chini ya Kiingereza, na mtaa unajulikana kama Banglatown.

Nikaagiza biriani. Jamani. Ililetwa kwenye bakuli la chuma, wali umekaangwa pamoja na vipande vya kuku kama mtu anayepasha kiporo, juu umefunikwa kwa yai la kukaanga kama mtoto kwa blanketi, na pembeni kibakuli cha mchuzi wa mboga. Hakuna tabaka, hakuna masala ya kukalia, hakuna kitunguu kilichokaushwa. Niliuchokoa ule wali kwa uma nikitafuta chini kuna nini.

Angalizo la bili: papadi na chatini huletwa mezani kabla hujaagiza, nawe unadhani ni karibu-mgeni. Si karibu-mgeni. Zilinitoka pauni nne. Na ile asilimia 12.5 ya huduma ni ya hiari, ingawa imechapwa kama kodi.

Alasiri nikaswali Msikiti wa Jamme, hapohapo barabarani. Jengo ni la 1743, lilianza kama kanisa la wakimbizi Waprotestanti kutoka Ufaransa, likaja kuwa sinagogi mwishoni mwa karne ya 19, likawa msikiti 1976. Ukutani juu kuna saa ya jua yenye maneno ya Kilatini yenye maana ya "sisi ni vivuli." Kila aliyehamia aliiacha ilivyo.

Nilipokuwa natoka hotelini mhudumu alikuwa ameniuliza, "Bhai, wewe mpishi?" Aliniona navyochokoa. Nikakubali. "Njoo kesho saa tisa na nusu, kabla hatujafungua. Ulichokula leo ni cha wageni."

Jumatatu, 7 Oktoba: jikoni

Siku niliyoijia ni hii, ingawa niliondoka nyumbani sijui.

Jiko liko chini ya ardhi, ngazi za chuma, joto kama la kwetu. Kwenye sufuria moja ya kunitosha mimi mwenyewe kulikuwa na mchuzi mmoja: vitunguu gunia zima vilivyochemshwa vikalainika, nyanya kidogo, tangawizi, kitunguu saumu, manjano, vikasagwa. Mchuzi mama. Menyu yao ina majina thelathini, na karibu yote yanatoka humo. Mteja akitaka korma, chota, tia krimu na unga wa nazi. Akitaka Madras, tia pilipili. Vindaloo, pilipili zaidi. Mpishi anawasha moto mkubwa, dakika saba sahani imetoka.

Hayo majina yenyewe yametoka pembe zote. Vindaloo ni ya Goa, na Wagoa waliipata kwa Wareno, nyama iliyolazwa kwenye siki na kitunguu saumu. Huku imekuwa kipimo cha ukali tu. Dhansak, nayo imo kwenye menyu, ni ya Waparsi, watu wa India wenye asili ya Uajemi. Madras, ukiuliza Chennai kwenyewe, mji ulioitwa Madras zamani, hakuna sahani ya jina hilo. Na jikoni mle hakukuwa na Mgoa wala Mparsi wala Mtamil. Wote sita ni wa Sylhet, kaskazini mashariki ya Bangladesh, vijiji vya jirani.

Sikucheka mchuzi mama. Anayedhani ni uvivu ajaribu kulisha watu mia na hamsini Jumamosi usiku, kila mmoja na sahani yake.

Kisha chakula chao kikaiva. Sufuria ndogo, kona ya nyuma. Kifuniko kilipoinuliwa nilirudishwa Mji wa Kale bila nauli: ng'onda! Samaki wadogo waliokaushwa juani, wanaita shutki, wamepikwa na bilingani na pilipili mbichi, mchuzi mwepesi. Pembeni mchuzi wa pili, wa nyama, umetiwa vipande vya tunda mfano wa ndimu kubwa yenye ganda nene, chungu kidogo, lina harufu ya kupanda puani. Shatkora. Tulikula kwa mkono, tumekalia madebe ya mafuta. Nikawaeleza papa mkavu wa kwetu, nikawaonyesha picha. Mzee wao akaitazama simu muda mrefu, akauliza bei ya kilo.

Nikauliza kwa nini hiki hakimo kwenye menyu. Wakacheka wote. "Harufu, bhai. Wangeita polisi."

Na bango? Mzee, mpishi mkuu, ndiye alijibu. Mjomba wa baba yake alikuja kama baharia, akichochea makaa kwenye meli za Waingereza, kama walivyokuja watu wengi wa Sylhet. Akashuka London asirudi, akaosha vyombo, baadaye akawa na meza zake tano. "Wakati huo Bangladesh haikuwepo. Angeandika nini? Babu yangu alizaliwa India, baba yangu Pakistan, mtoto wangu wa kwanza Bangladesh. Nyumba ni ileile, hata mlango haujabadilishwa."

Hesabu yake ni sahihi. Sylhet ilikuwa chini ya Assam, mkoa wa India, ikapigiwa kura Julai 1947 ikaenda Pakistan ya Mashariki, na 1971 ikawa Bangladesh. Bango liliwahi kuliko nchi, na likishazoeleka kulishusha ni hasara.

Nilitaka kuwaonea huruma kwa kuitwa Wahindi, nikakumbuka ya kwetu. Mababu zetu Mombasa walikuwa na macho: huyu Banyani, huyu Bohora, yule Kalasinga, yule Mgoa, wale wa kule ni Mabulushi. Kila mmoja na jina lake, na sahani zake zikijulikana. Siku hizi sisi tunasema "Mhindi" tukamaliza, hata kwa mtu ambaye ukoo wake umetoka Karachi.

Jioni nikapita bustani ya Altab Ali, mwendo mfupi kutoka hapo. Ni kijana Mbengali, fundi wa kiwanda cha nguo, aliyeuawa na wabaguzi 4 Mei 1978. Waliomuua hawakumuuliza ni wa nchi gani.

Jumanne, 8 Oktoba: kibao cha kijani

Mvua. Basi hadi Marble Arch, nililipa pauni 1.75. Hawapokei pesa taslimu kabisa, gusa kadi. Mtaa wa George, nambari 102, kuna kibao cha kijani ukutani: hapa ndipo ilipofunguliwa 1810 Hindoostane Coffee House, ya Sake Dean Mahomed. Mzaliwa wa Patna, 1759, alihudumu katika jeshi la Kampuni ya India ya Mashariki. Aliwapikia Waingereza waliokuwa wamerudi kutoka huko, akawawekea na kiko za maji. Kufikia 1812 alikuwa amefilisika. Akahamia Brighton, akafungua bafu za kukanda mwili, na huko ndiko alikotajirika. Nilisimama kwenye mvua nikamwombea dua mpishi mwenzangu aliyekula hasara.

Veeraswamy, hoteli ya Kihindi mtaa wa Regent, ilifunguliwa 1926. Nilisoma menyu yao ya mlangoni, nikashukuru, nikaenda zangu.

Jumatano, 9 Oktoba: Birmingham

Basi la abiria kutoka Victoria, mwendo wa saa tatu, pauni 9 kwa sababu nilikata wiki mbili kabla. Ukikata siku hiyohiyo utalia.

Kiti cha pembeni alikaa mwanafunzi kutoka Lahore. Alipojua kazi yangu akanipa kesi ya Delhi yote: mwaka huu hoteli mbili zimepelekana mahakama kuu, kila moja ikidai kuku wa siagi ni wa mababu zake. Na hao mababu, alisema akicheka, wote walitoka Peshawar! Ni kweli: Kundan Lal Gujral wa Moti Mahal, moja ya hoteli hizo mbili, alikimbilia Delhi wakati nchi ilipogawanywa. "Kwa hiyo kuku ni mkimbizi wa Pakistan," akasema. Akanigawia nusu ya mkate wake wenye viazi ndani. Kuku mwingine, wa tikka masala, wana wa Glasgow wanadai alizaliwa kwao kwenye hoteli ya Shish Mahal miaka ya 1970, kwa supu ya nyanya ya kopo, na 2001 waziri wa mambo ya nje, Robin Cook, alimtangaza kuwa chakula cha taifa la Uingereza. Glasgow sikufika, nauli ilinishinda.

Barabara ya Ladypool, Sparkbrook. Chakula chao ni balti, na neno lenyewe maana yake ni ndoo. Bakuli jembamba la chuma, nyama inapikwa humo kwa moto mkali, inaletwa humohumo ikichemka, unakula kwa mkate wa naan ulio mpana kama sinia, bila kijiko. Kilianzia jijini humo miaka ya 1970, kazi ya Wapakistani, wengi wao wa Mirpur, Kashmir. Bwawa la Mangla lilipojengwa miaka ya 1960 vijiji vyao vilizama, na wengi wakaja huku viwandani. Nililipa pauni 11 na kushiba hadi usiku. Hakika ni chakula cha mpishi: manukato yamekaangwa vizuri, kitunguu kimeyeyuka, mafuta yamejitenga. Hapa ndipo samli ilipolidondokea daftari.

Mabango hotelini: moja Kashmiri, moja Pakistani, moja limeandika Indian kwa herufi kubwa na Lahore kwa herufi ndogo, na la nne limeandika Balti tu. Hilo la nne ndilo lililokuwa na foleni.

Kwa Waislamu wenzangu: Ladypool kula bila wasiwasi, lakini hoteli nyingine huruhusu mteja kuja na pombe yake. Ukiona chupa meza ya jirani usishtuke.

Alhamisi na Ijumaa, 10 na 11 Oktoba: Leicester

Treni kama saa moja, pauni 17. Alhamisi nililala mchana kutwa, tumbo likilipa deni.

Ijumaa, baada ya swala, nikatembea barabara ya Belgrave. Ilikuwa siku za Navratri, sikukuu ya Wahindu, maduka ya sari yamewashwa taa mchana. Nikaingia hoteli ndogo ya mboga tupu, bango Indian, nikafungua menyu. Kwenye vitangulizi vya Kihindi, mstari wa pili: mogo.

Nilisoma mara mbili. Muhogo wetu! Umeangusha silabi njiani kama abiria anayeangusha ndala. Ulitoka Brazil kwa meli za Wareno, ukaja pwani yetu, ukaliwa miaka mia kadhaa, ukabebwa na Wagujarati wa Kampala na Kisumu hadi baridi hii, na sasa ni wa Kihindi, pauni sita na nusu. Uliletwa umekaangwa, umenyunyiziwa pilipili ya unga na ndimu. Funga macho uko Mama Ngina unatazama meli.

Nadhani nilisema "lahaula" kwa sauti. Mama mmoja aliyekaa karibu na kaunta, nywele nyeupe, akageuka: "Wewe toka wapi? Mombasa? Karibu, kaa, kula!" Ni mama mzazi wa mwenye hoteli. Alizaliwa Jinja. Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa siku tisini, wakatoka na pauni hamsini na kitu na masanduku mawili, moja la sufuria. Baraza la mji wa Leicester lilikuwa limeweka tangazo kwenye gazeti la Uganda kuwaambia wasije, mji umejaa. "Sisi nasoma hiyo gazeti," akasema, "sisi najua Leicester iko."

Kiswahili chake kilikuwa cha kuamrisha: lete, weka, fagia, haraka, bado, maji moto. Na kwenye Kigujarati chao, aliniambia, sufuria ni sufuria, kisu ni kisu, fagio ni fagio, na njugu ni jugu. Siku hiyo alikuwa amefunga. Kwa mfungo wao nafaka haziliwi, akala punje nyeupe laini zilizopikwa na njugu na viazi, sabudana. Nikamwambia, mama, hizi nazo hutengenezwa kwa muhogo. Akatazama sahani yake, akatazama yangu.

Nikamuuliza nani aliwafundisha mogo nyumbani kwao Jinja. "Mpishi yetu," akasema. Jina lake nani? Akafungua mdomo. Akakaa. Akamwita mwanawe kwa Kigujarati, wakasemezana, mwana akatikisa kichwa. "Sisi naita mpishi tu," akasema mwishowe, polepole. "Yeye alikuwa zuri sana. Mkono yake nyepesi."

Nilipotaka kulipa alinifukuza. Akanipa chupa ya achari ya maembe, na usiku mwanawe akanipeleka ukumbini kutazama watu wakicheza garba hadi karibu saa sita.

Chupa ya achari itieni kwenye begi la kukabidhi, si la mkononi.

Jumamosi na Jumapili, 12 na 13 Oktoba: kurudi

Basi hadi London, ndege usiku, Nairobi asubuhi, treni. Hakuna la kusema ila miguu kuvimba.

Miritini nikachukua tuktuk, shilingi mia nane baada ya kubishana. Kijana alitaka habari zote za Ulaya: baridi ikoje, mpira, wanakula nini. Nikamwambia nilikuwa nikila hoteli za huko kila siku.

"Na chapati wanazo?"

"Wanazo. Wanasema ni ya Kihindi."

Akacheka hadi akakaribia kuingia mtaroni, yeye na tuktuk yake iliyotoka kiwandani India. "Wazungu, bwana!" akasema, akipangusa macho. "Chapati!"